Mwanangu, damu yako imefika huku nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa usiku ule niliusoma alfajiri, nikiwa nakamua. Uliandika, "Mama, hata Mungu ameikataa damu yangu." Nilibaki nimekaa pale kwenye kigoda mpaka ng'ombe akaanza kunigeukia. Sikutaka kukujibu kwa simu. Ulikuwa unalia, na huku kwetu ukungu ukishuka mtandao nao unapotea. Sasa zimepita wiki tatu, nimeenda Mbeya na kurudi, na ninayo mengi ya kukwambia. Nimechukua daftari la mdogo wako. Soma polepole.

Kwanza hilo la Mungu. Ulienda na vijana wenzako wa kanisa hapo Mafinga kuchangia damu, kwa moyo wako, bila kulazimishwa. Baadaye ukaitwa peke yako, ukaambiwa imekutwa na kirusi cha homa ya ini aina ya B, haiwezi kupewa mgonjwa, na usichangie tena. Ukakumbuka Walawi, mnyama wa sadaka asiwe na kilema, ukajiweka wewe katika nafasi ya yule mnyama. Baba, hapo umekosea. Ile sadaka isiyo na kilema ilishatolewa mara moja. Wewe umekua ukimwona kwenye nembo ya kanisa letu la Moravian, yule Mwanakondoo aliyebeba bendera. Yeye amekwisha kutoa, na hakuna anayekudai utoe damu ili Mungu akukubali. Watu wanachangia kwa sababu kuna mama anayevuja damu wodini, na kuna mtoto ambaye malaria imemmaliza damu. Basi. Na yule mtaalamu wa maabara anayepima kila chupa, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, hakai pale kumhukumu aliyetoa. Anamlinda yule mtoto. Ungekuwa wewe ndiye baba wa mtoto ungemshukuru.

Huyo mwenzenu wa kikundi aliyekwambia ukachunguze dhambi uliyoificha, sina chuki naye, ila amesema neno baya sana. Mwambie asome Yohana sura ya 9. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, hata akazaliwa vile. Yesu akasema si yeye wala si wazazi wake. Hili la wazazi lishike, maana nalifikia.

Ulipoandika jina la ule ugonjwa, mimi moyo ulishtuka kwa jambo jingine. Nikakumbuka baba yako mdogo, na shangazi yako, matumbo yao yalivyojaa maji, na jinsi watu walivyosema wamerogwa. Nikapanda kosta mpaka Mbeya na wadogo zako wawili. Nauli na hela ya vipimo walichanga kina mama wa kanisa, maana niliwaeleza ukweli. Sikuona haya. Nilikuwa na hofu, lakini haya sikuwa nayo.

Mwanangu, mimi ninacho. Kirusi hicho hicho.

Daktari alinieleza taratibu sana. Alisema mtoto akikipata akiwa mchanga, hasa wakati wa kuzaliwa, watoto 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha yote. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza. Hawezi kuapa ulikipata wapi, lakini kwa vile mimi ninacho, na wewe ulizaliwa 1998, inaelekea sana ni kwangu. Chanjo yake kwa watoto hapa nchini ilianza kutolewa 2002. Wewe ulikuwa umeshapita.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi, nje, nikalia. Nilikuwa nikifikiri nimekupa maziwa, jina la babu yako na imani, kumbe na hiki nilikupa. Nakuomba radhi, ingawa najua sikujua. Ndipo ile sura ya 9 ikanijia, wala si wazazi wake. Nililisoma neno lile tangu darasa la kipaimara na sikuwahi kulihitaji hivi.

Sasa sikia upande wa pili. Mdogo wako wa kike, aliyezaliwa 2006, alichomwa chanjo zile za kliniki akiwa mtoto, amepimwa, yuko salama. Mdogo wako wa kiume wa 2001 naye hana kirusi, lakini hakuwa na kinga, akaanzishiwa chanjo siku ile ile. Ni sindano 3, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Mimi nimepimwa ini. Bado liko vizuri, sijaandikiwa dawa, narudi kila miezi sita waliangalie. Daktari alisema si kila mwenye kirusi anahitaji dawa, ila kila mwenye nacho anahitaji kufuatiliwa, kwa sababu ini huweza kukakamaa au kupata saratani kimya kimya, bila maumivu.

Haya yote yameanzia kwenye mkono wako. Usingekwenda kuchangia, nani humu ndani angepima? Mimi ningeendelea kuchuma chai na kusema ni uchovu wa uzee. Damu yako haikuingia kwa mgonjwa uliyemkusudia. Imekuja huku mlimani ikatukuta sisi.

Najua bado inauma kuambiwa usitoe tena. Mimi niliwahi kurudishwa. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mke wa jirani yetu alijifungua, damu ikakataa kukata, wakaambiwa ndugu walete watu wa kuchangia. Nikakimbia na wenzangu. Kufika wakanipandisha kwenye mizani, kilo 46. Wanataka 50. Nikaambiwa nikae pembeni, na machozi yakanitoka, maana yule binti nilimsimamia harusi. Halafu nikaona kukaa pembeni hakumsaidii. Nikashuka stendi, nikawaita vijana wa kwaya mmoja mmoja, wawili wakakubali, mmoja akasema damu yake ikichukuliwa atarogwa, nikambembeleza mpaka na yeye akaja. Usiku nikapeleka uji kwa waliokuwa wanamwuguza. Yule mama yuko hai. Mtoto wake ndiye yule anayekuletea parachichi ukija likizo. Kwa hiyo hapo Mafinga kazi yako ipo: wewe una mdomo, una pikipiki, unajua kuwatuliza waoga wa sindano. Wanaume wanaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, wanawake 4, na wengi hutoa mara moja wakasahau. Wakumbushe. Shule zikifungwa ndipo damu hupungua, maana wanafunzi ndio wachangiaji wengi.

Lingine ni gumu, nalo usiliahirishe. Mwambie mchumba wako. Mwambie kabla ya posa, wewe mwenyewe, asisikie kwa mtu. Ugonjwa huu unapita kwa damu na kwa kukutana kimwili. Yeye apimwe, kama hana apate chanjo zote tatu, na baada ya hapo anaweza kuishi na wewe na kuzaa na wewe. Akiwa mjamzito, waeleze kliniki. Kula sahani moja, kukumbatiana, kunywa kikombe kimoja, havina shida. Wembe na mswaki viwe vyako peke yako. Hapa kuna mama mmoja aliacha kunywa kikombe changu. Sikumsema. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kina mama nikaeleza nilivyoelezwa, na yeye alikuwa mmoja wa waliokwenda kupima.

Pombe iache kabisa, hata ile ya ulanzi wanayowakaribisha huko kwa Wahehe. Jino uliloahidi kung'oa kwa yule fundi wa mtaani, usiende, nenda hospitali na uwaambie hali yako. Dawa za mizizi za kusafisha ini usinunue. Mahindi na karanga zenye ukungu usile, kuna sumukuvu inayoumiza ini hilo hilo.

Juu ya hilo, karanga nilizokuwa nimekufungia nimezimwaga tena kwenye ungo, nimechambua moja moja, za kijivu nimezitupa zote, hata kuku sikuwapa. Gunia limepungua lakini ni safi. Kaka yako wa kwa shangazi atalipandisha basi la Ijumaa pale Uyole, pamoja na ndizi na majani ya chai. Kondakta atakupigia akipita Makambako. Bibi yako anasema ndaga, asante ya Kinyakyusa chetu, na kwamba anakuombea kila jioni akikutaja kwa jina la babu. Nami nipigie Jumamosi saa mbili usiku, nitakuwa nimepanda kule juu kwenye mti wa mparachichi ambako mtandao unashika.

Mama yako