Duka likifungwa, gemu tulizolipia zisifungwe nalo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu gemu za video tunazonunua kwa kupakua. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu, zilizopita mikononi mwangu sizihesabu tena: za feni iliyozibwa na vumbi, za kisomea diski kilichochoka, za tundu la waya lililong'oka. Hili ninaloleta leo si la mteja. Ni la nyumbani kwangu.

Binti yangu alipokuwa na miaka minane tulikuwa na gemu yetu ya mafumbo, ya wachezaji wawili. Haikuwahi kutolewa kwenye diski, ilipatikana kwa kupakua tu. Nililipa, ikaingia kwenye konsoli, na karibu mwaka mzima tukawa tunaicheza kila Jumamosi jioni, yeye akisoma ramani, mimi nikiruka mashimo. Hatukuimaliza. Tulikwama kwenye mlango mmoja wa hatua ya mwisho, masomo yakambana, konsoli ikawekwa kabatini. Sasa yuko chuo. Mwezi uliopita alikuja likizo akaniuliza, "Baba, ile gemu yetu bado ipo?" Nikamjibu ipo, si tuliinunua.

Konsoli iliwaka. Tarehe kwenye skrini ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma, na kila gemu ya kupakua niliyobonyeza ilikataa kufunguka. Za diski zilicheza bila shida yoyote.

Nikachukua bisibisi. Kwenye ubao mkuu wa konsoli kuna betri ndogo ya duara, pana kama kifungo cha koti, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme umezimwa. Niliipima nikaikuta na volti 0.8. Betri hiyo ikifa, saa inapotea, na saa ikipotea konsoli haiamini tena kwamba leseni ya gemu ni halali mpaka iulize seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni. Nikaweka betri mpya, nikaiunganisha na mtandao, saa ikarudi, gemu zikafunguka. Kazi ya nusu saa kwa fundi. Lakini muda wote nilipokuwa nafunga zile skrubu nilikuwa najiuliza: je, kama seva ingekuwa imezimwa? Ningekuwa na konsoli nzima, yenye betri mpya, na gemu zangu zimo ndani, na nisingeweza kuzigusa.

Siku ya pili diski ya ndani ya konsoli, ile inayohifadhi kila kitu, nayo ikafa. Ilikuwa ya zamani, siilaumu. Namshukuru Mungu nilikuwa nimenakili mapema faili la hatua tuliyofikia kwenye flashi. Nikafunga diski mpya, nikaingia kwenye akaunti, nikafungua orodha ya vitu nilivyowahi kununua. Majina 31, yote yapo, na la gemu yetu limo. Nyingine zikashuka moja baada ya nyingine usiku kucha. Ile yetu ikafika asilimia 4, ikasimama, ikatoa namba ya kosa. Nimejaribu siku tisa mfululizo. Nimewaandikia wahusika mara tatu, na jibu la mwisho lilisema gemu hiyo haiuzwi tena, na kwamba nilichonunua ilikuwa ruhusa ya kuitumia, si gemu yenyewe.

Siku nilipolipa, kitufe kiliandikwa "Nunua". Neno hilo kila mtu analijua. Ukinunua sufuria, aliyekuuzia akifunga duka haji kuichukua jikoni kwako.

Siandiki ili kuisema kampuni moja, kwa sababu konsoli zote zinazeeka na njia ni ile ile. Nintendo walifunga duka la mtandaoni la konsoli yao ya Wii tarehe 30 Januari 2019, kisha la 3DS na la Wii U tarehe 27 Machi 2023. Microsoft walifunga la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Mwaka 2021 Sony walitangaza kufunga maduka ya konsoli zao za PS3 na Vita, wachezaji wakapaza sauti, na ndani ya wiki chache uamuzi ule ukabatilishwa. Kwa haki niseme kwamba mauzo yalipokoma kwenye Wii U, 3DS na Xbox 360, waliokwisha kununua waliachiwa njia ya kupakua tena. Nawapongeza kwa hilo. Lakini njia hiyo inasimama kwa hisani ya mwenye seva, na hisani haina tarehe wala mkataba.

Watu huniambia, "Fundi, hizo ni gemu tu, zitatoka nyingine." Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti kuhusu gemu za kale zilizotolewa Marekani kabla ya 2010: asilimia 87 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Nyingi kati ya hizo angalau zilikuwa na diski au kaseti, na mtu anaweza kuiokota kwa mwenzake. Gemu ya kupakua haina cha kuokota. Konsoli ya mwisho iliyoibeba ikifa, imekwisha.

Ninachodai si seva ziwashwe milele. Najua seva zinakula umeme na zinahitaji watu wa kuziangalia. Nadai kampuni, kabla ya kuzima, itoe sasisho moja la mwisho, yaani marekebisho ya programu ya konsoli, litakaloifanya konsoli ifungue gemu zilizokwisha kulipiwa bila kuuliza popote, na limruhusu mwenye gemu kuzinakili kwenye diski yake ya akiba na kuzirudisha pale diski ya ndani inapokufa. Hili linawezekana. PS4, konsoli nyingine ya Sony, ilikuwa na ugonjwa huu huu wa betri ya saa: ikifa, na konsoli ikakosa mtandao, gemu zilikataa kufunguka. Wachezaji walilalamika, na sasisho namba 9.00 la Septemba 2021 likaliondoa tatizo. Sasisho moja, kwa konsoli zote, dunia nzima. Aliyeweka kufuli ndiye mwenye uwezo wa kulifungua.

Jimbo la California, kuanzia Januari 2025, linamtaka muuzaji aeleze wazi pale anapouza leseni tu na si mali. Ni jambo jema, ila maelezo hayo hayairudishi gemu iliyopotea.

Wapo wateja wanaoniomba niivunje konsoli, yaani nivunje kufuli lake ili ikubali nakala kutoka kokote. Kwa mikono naweza. Nchini Marekani sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za namna hii, na nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana nayo. Linaloniumiza ni kwamba mtu aliyelipa kihalali anasukumwa kwenye uchochoro mmoja na yule asiyelipa kitu, ili tu apate kilicho chake. Hiyo si haki, na nasema hivyo nikiwa fundi ambaye angepata kazi zaidi kwa kuvunja.

Kwa wasomaji wenye konsoli za zamani makabatini: msisubiri kama mimi nilivyosubiri. Iwasheni wiki hii. Pakueni kila mlichonunua kabla seva haijazimwa, hakikisheni barua pepe ya akaunti bado inafunguka, nakilini hatua zenu kwenye flashi, na mkiona tarehe imerudi nyuma pelekeni konsoli kwa fundi abadilishe betri ya saa huku mtandao wake ungali hai.

Faili letu ninalo. Ni kilobaiti 412, na limebeba jina ambalo binti yangu aliliandika mwenyewe akiwa na miaka minane, kwa herufi kubwa, likiwa na kosa la tahajia. Alipokuwa akirudi chuo alinisisitiza nisilifute. Kesho nawaandikia wahusika barua ya nne.

Fundi, msomaji wako wa siku nyingi