Barua kutoka Rostock, Ujerumani: wanaoishi chini pasipo hewa

Baba,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, maana najua ndiye atakayekusomea barua hii. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi imepungua, chakula napika mwenyewe, na fedha za mwezi huu zilifika.

Ami aliniuliza kwenye simu: huyu mtoto asomea bahari gani isiyo na samaki? Laini ilikuwa ikikatika na jibu langu halikuniridhisha, kwa hiyo nalieleza hapa: nasomea bakteria wanaoishi katika kina cha Bahari ya Baltiki kisicho na hewa.

Bahari ya Baltiki imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Mito huimwagia maji matamu, hata katikati yake chumvi ya juu ni kama gramu 7 kwa kilo moja ya maji, ilhali yetu hapo Mombasa ni kama 35. Maji ya chumvi nyingi huingia kupitia milango-bahari ya Denmark, na kwa kuwa ni mazito huzama na kukaa chini. Upepo hauyafikii. Kuanzia mita 60 au 80 kwenda chini hewa haishuki, huku mabaki ya viumbe waliokufa yakiendelea kudondoka na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni mpaka inakwisha. Mbolea inayotoka mashambani imezidisha mambo. Desemba 2014 dhoruba zilisukuma ndani maji mengi yenye oksijeni, kina kikapata hewa kwa muda, kisha hali ikarudi.

Chupa ya sampuli ikipandishwa kutoka kina cha Gotland, shimo refu la Baltiki, ukifungua kibomba chake tu, harufu ya yai viza inajaa pale uliposimama. Harufu hiyo mwaijua: ndiyo inayotoka kwenye tope jeusi la mikoko ya Tudor maji yakipwa. Gesi ni hiyo hiyo, haidrojeni salfaidi. Huitengeneza bakteria ambao, oksijeni ikikosekana, hupumua salfeti, aina ya chumvi iliyomo ndani ya maji ya bahari.

Watu huku husema maeneo hayo yamekufa. Kwa samaki ni kweli, lakini mimi neno hilo silikubali. Tunapitisha maji kwenye chujio lenye matundu madogo mno, bakteria wanabaki juu yake, tunatoa DNA yao, yaani maandishi ya urithi wao, na mashine inaisoma. Zamani ilibidi uoteshe bakteria maabara ndipo umjue, na wengi wao hawakubali kuota. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha kipande kimoja cha urithi ambacho kila kiumbe anacho, wakagundua tawi zima la uhai, akea, lililokuwa limechanganywa na bakteria. Leo tunasoma hata jenomu nzima, yaani urithi wote, za viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaotesha. Ila jenomu hukwambia kiumbe anaweza nini. Anachofanya saa hiyo hujulikana kwa RNA, nakala za sehemu za urithi anazozitumia wakati huo, nayo huharibika upesi, ndiyo maana sampuli huwahiwa kugandishwa.

Kila tabaka lina wenyewe. Ninayempenda zaidi anaitwa Sulfurimonas gotlandica. Makazi yake ni pale mpakani, ambapo oksijeni imekwisha na gesi ile inaanza. Anaichoma gesi kwa kutumia naitreti, chumvi yenye naitrojeni, badala ya oksijeni, na kwa nguvu hiyo anajenga mwili wake kutokana na kaboni dayoksaidi, gizani, bila jua. Yeye na wenzake ni mabawabu: sumu inayopanda wanaimaliza kabla haijafika kwa samaki walio juu.

Na hili ni lako Baba, wewe uliyekulia penye majahazi. Katika Bahari Nyeusi, kutoka kama mita 150 hadi chini kabisa, zaidi ya mita 2,000, oksijeni hakuna. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba pwani ya Bulgaria imeonekana meli ya Kigiriki yenye miaka zaidi ya 2,400, mlingoti umesimama, usukani upo, mabao ya wapiga makasia yapo. Wadudu wanaotoboa mbao hawawezi kuishi kule. Nilipoona picha zake nilikuwaza wewe, na sifa, yale mafuta ya papa, na shahamu mlizokuwa mkipaka vyombo.

Ami asidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kaskazini yetu, katika Bahari ya Arabia, kuna tabaka kubwa lenye oksijeni kidogo sana, toka kama mita 150 hadi 1,000. Kusi likivuma hupandisha maji yenye rutuba pwani ya Somalia na Omani, uhai unachanua juu, kisha unazama na kuoza. Bahari zote duniani zimepoteza zaidi ya asilimia 2 ya oksijeni tangu 1960, na maji yakipata joto uwezo wake wa kushika hewa hupungua. Jodari huhitaji hewa nyingi; tabaka hilo likipanda juu, mahali pake pa kuogelea panabana.

Kwa hiyo nataka kazi yangu ya mwisho niifanye nyumbani, kwenye hori la Tudor, ambako maji taka huingia. Namuomba Ami awaulize wavuvi wa hapo ni sehemu zipi hunuka zaidi, na kama ni wakati wa bamvua au maji mafu. Mama aandike majibu, nitapiga simu Ijumaa baada ya sala.

Wasalaam,
mwanao