Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Pensheni Zetu na Kampuni za Mafuta

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitabaki kwenye jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote mwaka huu: pensheni zetu.

Wengi wetu hapa Uingereza tunakatwa pensheni kila mwezi, tuwe kwenye mabasi au nyumba za kulea wazee. Mifuko hiyo hununua hisa, na baadhi ya hisa hizo ni za kampuni za mafuta. Mfano ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: lina urefu wa kilomita 1,443, na TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, ina asilimia 62 ya hisa zake. Wapo wakulima waliofanyiwa tathmini ya mashamba, wakaambiwa wasipande tena mazao ya kudumu, kisha wakasubiri fidia kwa miaka. Kahawa hupandi, na ada ya mtoto shuleni haisubiri. Mwaka 2023 Waganda 26 walifungua kesi Paris kudai fidia, kwa sheria ya Ufaransa ya 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuzuia madhara ya shughuli zao. Kampuni inakanusha madai hayo.

Mmeniuliza mara nyingi: mwenye hisa kiduchu atasikilizwa na nani? Nawajibu kwa habari ya Shell. Novemba 10, 1995, serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane, watetezi wa ardhi ya Waogoni iliyochafuliwa na mafuta. Wanahisa wa Shell hapa Uingereza, wakiwemo watu wa makanisa na mifuko ya pensheni, wakaandaa azimio kwa ajili ya mkutano mkuu wa Mei 1997. Bodi ililipinga, nalo likapata takriban asilimia 10 tu ya kura. Lakini miezi miwili kabla ya kura hiyo kupigwa, Shell ilikuwa imeshafanyia marekebisho kanuni zake za biashara na kuingiza haki za binadamu.

Ninachokipenda kwenye azimio lile ni kwamba halikuomba maneno mazuri. Lilitaka mkurugenzi mmoja abebe dhamana ya mambo hayo, na wakaguzi wa nje wathibitishe utekelezaji. Sera isiyo na mtu wa kuulizwa haimlipi mkulima fidia yake, na hapo ndipo ninapotaka tukaze.

Kamati inapendekeza kila mwanachama auandikie mfuko wake: mlipigaje kura kwenye maazimio ya haki za binadamu katika kampuni za mafuta, na kwa nini? Mifuko mingi ya kazini iliyo chini ya wadhamini inawajibika kisheria kutoa kila mwaka maelezo ya kura zilizopigwa kwa niaba yake, kwa hiyo hamwombi hisani. Barua ya mfano anayo katibu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Majibu mtakayopata, hata yale ya mistari miwili, mleteeni kabla ya kikao kijacho cha kamati.

Mwenyekiti