Shangazi, ni jicho lipi?

Kwa Shangazi wangu wa Kisumu,

Ulipopita hapa Nakuru mwezi wa sita ulisimama mbele ya ukuta wa sebule, mkoba bado begani, ukaniuliza: "Na hii theluji umeiona wapi?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeshona kitambaani, kwa mshono wa msalaba, ngome ya mawe, joka limejikunja juu ya paa, na theluji kila mahali. Theluji hiyo ndiyo iliyonimalizia uzi mweupe. Mchoro niliutoa mtandaoni. Wenzetu wa Ulaya hushona vitu kama hivyo Desemba, wamejifungia ndani na vitabu vyao vya mazimwi na wachawi. Sisi Desemba tunatafuta kivuli.

Lakini baridi tunayo, usinicheke wewe wa kando ya ziwa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi za Julai ambazo mlima wa Menengai hapa juu ya mji hauonekani kabisa. Jioni naweka jiko la makaa karibu na mlango, mlango nauacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, najifunga leso mbili na kushika sindano. Kila ninachoshona msimu huu kinanuka moshi.

Swali lako lilinikaa. Kwa hiyo mwezi huu nimeanza kitu kingine: Nyamgondho mwana wa Ombare, kama ulivyokuwa ukitusimulia likizo tukiwa tumebanana kitanda kimoja. Yule mvuvi fukara ambaye wavu wake ulimtoa ziwani bibi kizee mwenye jicho moja, akamchukua nyumbani, na boma likajaa ng'ombe. Kisha ulevi, majivuno, na usiku ule alipomtusi kwamba alimvua majini kama samaki. Mimi nashona asubuhi yake: bibi anarudi ziwani na mifugo yote nyuma yake.

Mshono huu wa msalaba si kama vitambaa vyako vya makochi, ambapo unachora ua kwa kalamu kisha mkono unalifuata. Kitambaa cha Aida kina miraba, changu kina 14 kwa kila inchi, na kila mraba ni msalaba mmoja. Uzi una nyuzi sita ndogo. Natenga mbili tu. Mguu wa juu wa msalaba lazima ulalie upande uleule mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza mmoja, taa ikimulika utauona huo huo. Na hakuna mviringo: pembe ya ng'ombe ni ngazi. Nilimaliza jioni mbili nikichora ng'ombe kwenye daftari la hesabu la mtoto, na kila nilichochora kilikuwa meza. Nilipoongeza nundu ya miraba mitatu juu ya mabega, meza ikawa ng'ombe wa kwetu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, "Huyo sasa!"

Kosa nililifanya, tena la kizembe. Kitambaa hukunjwa mara mbili ili upate katikati, ukaanzia hapo. Mimi nilianzia pembeni, kwenye maji, kwa haraka ya kuona buluu. Nilipangia ng'ombe watano. Wanne wameenea vizuri. Wa tano ana kichwa na miguu ya mbele, kisha kitambaa kimeisha. Nilikaribia kufumua. Halafu nikakumbuka kwamba hata wewe hukuwahi kutuambia walikuwa wangapi, ulikuwa unasema tu "na wengine, na wengine" mpaka tulale. Nimemwacha alivyo. (Kipande cha ziwa kilichotoka cheusi ni habari nyingine. Usiku, chini ya balbu, buluu nzito na nyeusi ni ndugu. Hicho nilikifumua.)

Sasa nimekwama kwa bibi. Uso wake una miraba saba kwa upana, jicho ni msalaba mmoja mweusi. Nilitaka kumgeuza ubavu nisijisumbue, lakini mtu wa ubavu huonekana jicho moja siku zote, na mgeni atadhani lile la pili lipo upande wa pili. Kwa hiyo miguu inaelekea majini na uso unatutazama sisi. Miaka yote hiyo nikisikiliza hadithi sikuwahi kuuliza, na nina hakika wewe unajua, maana ulikuwa ukimwigiza kwa kufumba lako.

Sindano nimeichomeka pembeni mwa kitambaa, na nyuzi mbili nyeusi tayari. Nipigie leo baada ya saa mbili usiku. Ulikuwa ukifumba la kushoto au la kulia?