Msuli wa fundi cherehani

San Diego, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Najua utacheka kukuta barua wakati tunalala nyumba moja. Lakini wewe ukitoka asubuhi kuwahi treni ndipo mimi naingia kutoka zamu, na pale mlangoni hatuna nafasi ya maneno zaidi ya "chai ipo kwenye chupa." Sasa hivi uko kazini, mimi nasubiri saa tano niondoke. Nitaichomeka hii ndani ya libuku lako la anatomia, maana hapo najua hupiti siku bila kufungua.

Nina jambo la kukiri. Mwaka jana ulipomaliza sekondari, shangazi yako alipiga simu kutoka Tanga akauliza mtoto amepata chuo gani na anasomea nini. Nikamwambia udaktari. Wala sikubabaika. Nilishindwa kumwambia kwamba unasoma sayansi ya mazoezi, tena kwenye chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, kwa sababu nilijua atakachosikia yeye: mtoto kavushwa bahari mpaka Marekani akajifunze kuruka kamba. Na tusidanganyane, hata mimi hicho ndicho nilichokuwa nasikia. Uliponionyesha ratiba yako nikaona kuogelea humo ndani, nilikucheka mbele ya wageni. Mtu wa asili ya Tanga alipiwe mwalimu wa kuogelea! Ukanyamaza, ukaenda chumbani. Wenzako wa timu walikuwa wanatuma picha wakiwa na fulana za vyuo vikuu vyao, wewe unarudi na basi, na baba yako naye anakuongezea.

Siku iliyonigeuza huenda wewe huikumbuki. Nilikukuta mezani jikoni na vile vikaratasi vyako, upande mmoja picha ya msuli, upande wa pili jina. Nikaokota kimoja ili nikutanie tu. Kimeandikwa sartorius. Nikauliza hili nalo ni jina la mtu? Ukasema hapana baba, ni Kilatini, maana yake wa fundi cherehani, kwa sababu mafundi wa zamani walikuwa wanakaa chini wamekunja miguu. Halafu ukapitisha kidole kwenye paja lako mwenyewe: unaanzia hapa mbele ya nyonga, unakata paja kwa mshazari, unashuka kwa ndani ya goti, unashika hapa juu ya muundi. Mrefu kuliko misuli yote ya mwili. Kidole chako kilipita karibu kabisa na kovu la operesheni ya goti lako.

Mwanangu, babu yako alikaa hivyo maisha yake yote. Barazani Ngamiani, juu ya mkeka, amekunja miguu, kofia ya mkono gotini, anatoboa tundu na kuzungushia uzi. Akiinuka kwenda msikitini alikuwa anasimama kwanza kidogo, ameshika ukuta, anasubiri miguu ikubali. Nimeiona picha hiyo utoto wangu wote na sikuwahi kujiuliza ndani ya ile miguu kunatokea nini. Wewe ulikuwa umekaa na jibu kwenye kikaratasi.

Baada ya hapo nikaanza kutazama vizuri hata kazini. Unajua kazi yangu: kuwageuza, kuwaogesha, kuwainua. Miaka yote nimekuwa nikiwainua wazee kwa kuwavuta, na mgongo wangu unayo hesabu yake. Kuna mzee mmoja alipata kiharusi, hasimami bila watu wawili. Fiziotherapisti, mtaalamu wa tiba ya viungo, akaja, binti mdogo tu, hakuvuta kitu. Alimfunga mkanda kiunoni, akamwambia asogee mpaka ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma ya magoti, kisha ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Halafu akahesabu moja, mbili, tatu. Mzee akainuka! Alitetemeka, lakini aliinuka kwa nguvu zake. Nilipokusimulia uliniambia pale hakuna miujiza, uzito wa mwili lazima ufike juu ya nyayo kwanza ndipo makalio yanyanyuke, na mimi nilikuwa nawavuta wakati uzito bado uko kitini. Ukanifanyisha mazoezi yale kwenye kochi mpaka mama yako akauliza tumerukwa na akili.

Nilipenda pia ile habari ya mabasi ya London. Daktari Jeremy Morris, 1953, akalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa, akakuta madereva wanaokaa kutwa nzima wanaugua moyo zaidi kuliko makonda wanaopanda na kushuka ngazi. Kampuni moja, basi moja, nyuma ya usukani na kwenye ngazi. Nilimfikiria mjomba wako, miaka 20 kwenye usukani, na presha yake, na kisukari chake. Konda wake mpaka leo anakimbia.

Haya. Sasa nikuambie linaloninyima usingizi, na si aina ya masomo tena. Ni kuhama, kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu.

Nilipofika nchi hii nilijiandikisha masomo ya jioni, nikiwa na nia ya uuguzi. Mtu wa ofisini akaangalia orodha yangu akasema usijali, zote zitahama. Sikuomba aandike. Nilisoma yuniti 27, hivi vipimo vyao vya masomo, nikitoka zamu na macho mekundu. Nilipoomba kuhamia chuo kikuu, walikubali 9. Zile 18 zimo kwenye faili la buluu juu ya kabati, ukitaka kuziona. Sikurudi tena darasani.

Kwa hiyo kila muhula, kabla hujalipa wala hujasajili, fungua tovuti ya ASSIST, inayoonyesha somo gani linakubaliwa wapi, weka chuo chako upande huu na chuo kikuu unachokitaka upande ule, usome somo kwa somo. Halafu nenda kwa mshauri wa masomo, mpange mpango wako kwa maandishi, na utunze nakala. Ukibadilisha chuo unachokilenga, rudia upya. Najua hapa California kuna ile shahada ya miaka miwili ya kuhamia, sheria yake ni ya 2010: ukimaliza yuniti zake 60, mfumo wa CSU, vyuo vikuu vya jimbo, lazima ukupe nafasi, umalizie nyingine 60. Lakini isome vizuri. Wanakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo, hawajasema ni kampasi gani. San Diego State, kampasi ya CSU unayoitaka kwa sababu iko karibu na jiko la mama yako, imejaa ushindani kwenye kila fani. Wastani wa alama wa 2.0 utakupa cheti, hautakupa San Diego State.

Na jingine, usikasirike. Anatomia, fiziolojia, utangulizi wa kinesiolojia, yaani elimu ya mwendo wa mwili, hayo huna hiari. Michezo mitatu ya makundi tofauti, nayo sawa, ogelea. Lakini ile orodha ya kuchagua masomo mawili, ambayo ina takwimu, kemia, fizikia, biolojia na huduma ya kwanza, nimeona umeweka alama kwenye huduma ya kwanza. Ni nyepesi, najua. Ila wewe mwenyewe uliniambia, ukiwa bado na magongo, kwamba unataka kuwa kama yule aliyekutembeza miezi tisa baada ya kano ya goti kukatika. Yule ana udaktari wa fiziotherapia, karibu miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza, na mlangoni kwao wanauliza kemia na fizikia. Utakutana nazo tu. Afadhali ukutane nazo huku, ambako yuniti ni dola 46 na wewe hata hizo wamekusamehe kwa miaka miwili kwa kuwa unasoma muda wote, kuliko huko mbele ambako ada ya mwaka inapita dola 6,000 kabla hujala. Usishuke chini ya yuniti 12 kwa muhula kwa ajili ya zamu za dukani, usije ukapoteza msamaha huo. Pesa ya vitabu niachie mimi.

Jana nilimpigia shangazi yako. Nikamwambia hasomei udaktari, anasomea jinsi mwili unavyotembea na unavyovunjika na unavyorudi, na yuko chuo kidogo kwanza. Kimya kirefu, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema: "Kwa hiyo anajua magoti?" Nikasema anaanza kujua. "Basi mwulize kwa nini langu la kulia linalia nikiinuka kwenye sijida."

Ametuma video, nimekurushia kwenye simu. Kashika mguu wa kitanda kwa mkono wa kushoto, anajivuta. Mwambie ukweli kwamba wewe bado mwanafunzi na goti lionwe na daktari. Lakini itazame. Mimi nimeitazama mara nne, na naona kama anainuka kabla pua haijapita vidole. Ukisoma hii kule kutakuwa kumekucha, na ameshaniuliza mara mbili kama umeona.

Wali uko kwenye friji, sahani ya chini.

Baba yako