Barua kwa wifi yangu anayetupangia safari ya Jinja

Wifi yangu,

Ratiba nimeiona. Siku ya kwanza asubuhi farasi, mchana boti la mpira, jioni mtumbwi wa kutazama machweo. Siku ya pili kayaki, baiskeli, halafu “mapumziko” ya saa moja na nusu kabla ya kurudi barabarani. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kwenye kundi la familia jibu refu halisomwi, linafunikwa na salamu za asubuhi zenye maua. Isitoshe, swali lako, la kama ratiba kama hiyo inafaa, naulizwa na wengi kila Desemba ikinukia.

Jinja ya Uganda umechagua vizuri, hapo sina neno. Naivasha tumeizoea, na huku kwetu sioni mahali pengine unapoweza kushuka kwenye farasi, ukapanda bodaboda, na baada ya muda mfupi ukawa umeshika kasia kwenye mto mkubwa. Ila mpango umeuanzia kwenye hema. Uliona picha ya kitanda chenye chandarua cheupe na beseni la kuogea linalotazama Nile, ukaijenga safari nzima juu yake. Mimi ningeanza na mwoga wa msafara, kisha ndiyo nitafute pa kulala. Na mwoga wetu unamjua, umeolewa naye.

Kaka hajui kuogelea, na hatakubali kusema hivyo mbele ya watoto. Atapanda boti akiwa amekunja uso, atacheka kwa sauti kubwa mno, na usiku hatalala. Sasa, Nile ya Jinja ina tabia moja nzuri kwa watu kama yeye: maji yanaporomoka kwa kishindo, halafu yanatulia kwenye kidimbwi kirefu kabla ya poromoko linalofuata. Ukitupwa nje ya boti, mara nyingi unatapikwa kwenye maji matulivu, jaketi limekushika juu, na kuna watu wa kayaki waliokaa pale kazi yao ni kukuokota. Maji yenyewe ni ya uvuguvugu. Kwa hiyo kutojua kuogelea hakumzuii mtu kupanda. Kinachomharibia siku ni kushtukizwa. Mwambie mapema kwamba boti kupinduka ni jambo la kawaida kwenye maji makubwa, na kwamba ana ruhusa kamili ya kuchagua safari ya familia, ile inayofuata upande wa maji mepesi. Watoto nao wamo humo humo, maana maji makubwa ni ya watu wazima na vijana waliokwisha kukua. Wewe na mimi tutaenda kwenye makubwa. Yeye abaki na wanawe kama baba mlezi, heshima yake itabaki palepale.

Ile video uliyonitumia, ya kijana anayerushwa kama punje ya bisi, usiichukulie kuwa ndiyo utakayoyakuta. Mto huu umebadilishwa sana. Bwawa la Owen Falls, linaloitwa Nalubaale siku hizi, lilifunguliwa 1954 na likayafunika maporomoko ya Ripon ambayo mvumbuzi Mwingereza, Speke, aliyaona 1862. Mwaka 2012 likaja bwawa la Bujagali, likazamisha maporomoko yaliyokuwa kivutio kikubwa cha Jinja. Halafu 2019 Isimba, kule chini zaidi, nalo likameza mengine. Kila mara waendesha boti wamelazimika kupanga njia upya, lakini picha za zamani bado zinazunguka mitandaoni. Usiulize tu “rafti ni bei gani”. Uliza: boti linaanzia wapi, linaishia wapi, na tunapita maporomoko mangapi? Wakikutajia maporomoko ya Itanda, waulize wanafanyaje pale. Sehemu yake ya juu iko daraja la 6 la ugumu wa maji, lile la mwisho, na jibu la mtu mwenye akili ni kwamba pale mnashuka, mnatembea kwa miguu, kisha mnapanda tena chini yake. Anayekuambia mtapita katikati, mshukuru na ukate simu.

Haya, farasi.

Hapa ndipo ninapokuomba usikimbize watu. Umeweka saa moja na nusu ya farasi asubuhi ileile ya mto. Mtu asiyewahi kupanda farasi, akikaa saa moja na nusu juu ya tandiko, mapaja ya ndani yanawaka moto. Mchana utamkalisha ukingoni mwa boti na kumwambia abane miguu asianguke! Farasi wawe siku ya pili, mapema, kabla jua halijapanda. Anayeweza apande kwa muda wa saa mbili, watoto wazungushwe zizini kwa nusu saa wakishikiwa kamba. Suruali ndefu, kaptura hapana, na viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usiteleze ukapita kwenye kikuku cha kupandia. Helmeti wanayo wao.

Suala la uzito nalisema polepole. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450 basi anaishia kwenye kilo 90, na tandiko limeshachukua zake. Kaka alikuwa na kilo 90 siku ya harusi yenu, na harusi hiyo sasa ina watoto watatu. Zizi zuri litauliza uzito wa kila mtu wakati wa kuweka nafasi, na litauliza tena mkifika. Zizi lisilouliza chochote, mimi siliamini, wala si kwa ajili ya kaka tu. Mtu asiyemhurumia farasi wake hatakuhurumia wewe. Mpime nyumbani. Akizidi, kuna baiskeli.

Njia zenyewe zinapita vijijini, katikati ya mahindi, migomba na mihogo, huku mto ukionekana na kupotea. Farasi ana njaa ya kudumu. Kila akiona jani la mahindi shingo inakwenda, na ukilegeza hatamu mara moja tu amejifunza kwamba wewe ni abiria, siyo dereva. Ile shingo uishike juu tangu hatua ya kwanza, visigino chini, na macho yako yatazame mbele unakokwenda. Anasikia ukiyumba. Mimi bado nampenda farasi anayetembea tu. Hao wanaotaka kupiga shoti siku ya kwanza ndio wanaorudi wakichechemea.

Na mtatazamwa sana, jiandaeni. Watoto watatoka mbio, wazee wataacha majembe. Farasi ni mgeni kwenye ardhi ile: mbung'o hueneza ugonjwa wa mifugo uitwao nagana, na nagana humwangusha farasi upesi, ndiyo maana anayefuga farasi huko ana kazi ya kila siku ya kuwalinda na wadudu. Ni eneo hilohilo la Busoga, Jinja ilipo, lililopigwa na malale, ambayo nayo huenezwa na mbung'o, mwanzoni mwa karne ya 20, wakafa watu zaidi ya 200,000 katika ukanda ule wa ziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki mwambaoni. Mama anaifahamu habari hiyo kwa kusimuliwa. Muulize mkiwa njiani, atawapa mengi kuliko mimi.

Mama mwenyewe hajatajwa kwenye ratiba yako, nimetafuta. Asipande farasi wala boti la mpira, magoti yake unayajua. Mwekee boti la injini la kwenda kwenye chanzo cha Nile, pale maji yanapotoka ziwani. Kuna kumbukumbu ya Gandhi pia, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948, na yeye akipata kitu cha kusoma kwenye jiwe anaridhika. Mwambie maji anayoyaona yatachukua kama miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania. Atakaa na hilo siku nzima.

Hema sasa. Usinielewe vibaya, nami napenda shuka safi. Ila ulilolichagua liko juu kabisa ya maporomoko, na maporomoko hayazimwi usiku. Kwa wewe ni muziki. Kwa kaka, aliyetoka kutikiswa mchana, ni mto unaomngurumia hadi alfajiri. Tafuta kambi iliyo kwenye maji matulivu, na uulize ngazi za kushuka mtoni ni ngapi, kwa ajili ya Mama. Uliza pia kama choo kiko ndani ya hema au mnatoka nje na tochi. Hayo mawili yana uzito kuliko beseni la nje, ambalo kwanza tumbili watakaa wakikutazama. Chakula kisiachwe hemani. Bei wanazitaja kwa dola. Omba bei ya wakazi wa Afrika Mashariki kabla hujakubali chochote, na tofauti itakayopatikana tuitie kwenye siku ya tatu. Siku mbili hazitoshi kwa watu wanaotoka Nairobi, barabara peke yake ni zaidi ya kilomita 500.

Mambo ya mpakani ni mafupi. Watu wazima tunavuka kwa kitambulisho, watoto watafutie pasi mapema. Kadi ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Mimi, wewe na kaka tunazo, na kadi siku hizi ni ya maisha. Watoto na Mama bado. Gari likienda, bima yake iwe na kadi ya njano ya COMESA, ile inayoifanya bima itambulike nje ya nchi. Pale mpakani Busia mnasimama upande mmoja tu, ule mnaoingia.

Kuna jambo moja hutaliona kwenye matangazo yao: kichocho kipo. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda kingo zenye majani na maji yaliyolala, kwa hiyo watoto wasichezee pale wanapofulia watu. Hata hivyo tuhesabu kwamba sote tumeguswa, tunywe dawa wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi. Mapema zaidi haisaidii, kwa sababu dawa huua minyoo iliyokomaa na huwaacha wachanga. Nitawakumbusha, mnajua nitawakumbusha.

Arubuni usilipe mpaka wakujibu kwa maandishi habari za ngazi na mahali boti linapoishia. Gharama za Mama ziko kwangu, chumba hadi boti, na hilo usinipigie simu tubishane.

Wifi yako