Binti yangu anataka kupiga kora, babu yake hataki kusikia

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wenzangu.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Gambia, mji wa Brikama, huu mwaka wa 17. Mume wangu ni jali wa Kimandinka, yaani mpiga muziki na msimulizi wa nasaba na historia za watu. Ujali si kazi ya kuchagua, mtu huzaliwa nao: baba yake jali, babu yake jali, na ukiwaacha wakuhesabie nasaba watakufikisha zama za Sunjata Keita aliyeisimamisha dola ya Mali karne ya 13. Tulikutana alipokuja Unguja kupiga kora, ala yao ya nyuzi, pale Ngome Kongwe. Majali kwa desturi huoana wao kwa wao, kwa hiyo kuingia kwangu nyumba hii kulikuwa na maneno, lakini baba mkwe alinipokea, na mpaka leo hajanivunjia heshima hata siku moja. Ndiyo maana jambo hili linanielemea.

Nina watoto wawili, mvulana wa miaka 16 na msichana wa 13. Kora ya babu yao imo chumbani kwake, inaning'inia ukutani: nusu ya buyu kubwa iliyowambwa ngozi ya ng'ombe, mti mrefu, nyuzi 21, kila uzi umefungwa kwenye mti kwa kipete cha ngozi wanachokiita konso. Kuipatanisha ni kusukuma vipete hivyo kimoja kimoja kwa mkono. Hupigwa kwa gumba na shahada za mikono miwili, vidole vinne tu, na bado ukiwa nje ya nyumba utadhani wamekaa wapigaji watatu.

Kwa mila yao kora ni ya mwanamume. Mwanamke wa kijali anaimba, na anagonga neo, kijibomba cha chuma. Mama mkwe ni mwimbaji hasa. Kwenye kulliyo, sherehe ya kumpa mtoto jina, watu humfuata kumtuza noti juu ya noti kama tunavyotuza kwetu kwenye taarab. Anataka mjukuu wake amrithi, na sauti mtoto anayo. Lakini roho yake iko kwenye nyuzi.

Mvulana ndiye aliyekalishwa mbele ya babu tangu ana miaka 7 agonge konkon, yaani mapigo ya mgongoni mwa buyu ambayo mwanafunzi huanzia. Alikuwa akisinzia. Usiku mmoja mwaka juzi umeme ulikatika, dada yake akakaa mahali pake gizani. Babu alipiga karibu nusu saa, akasema, "Leo umegonga vizuri." Taa ziliporudi akamwona nani aliyekaa pale. Hakugomba. Aliinuka, akachukua kora yake, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tangu siku ile binti anajifunza kwa siri kwenye kora mbovu ya baba yake. Nyuzi zilizokatika alizirudisha mwenyewe kwa mshipi wa kuvulia niliomnunulia kwa wavuvi. Ameshaushika Kelefaba, wimbo wanaoanza nao wanafunzi. Mimi napika, yeye yuko nyuma ya jiko, namsikia akikosea, akirudia, akikosea tena palepale. Magumba yake yameota sugu. Akimpelekea babu maji ya kutawadha huvikunja vidole visionekane, na mimi mama yake naangalia, nasema moyoni: mtoto anaficha mikono kana kwamba ameiba.

Nimejaribu kusema. Nilimtajia Sona Jobarteh, mwanamke wa ukoo wa majali, anayepiga kora duniani kote na aliyefungua shule hapa Gambia mwaka 2015. Baba mkwe akajibu, "Yule alifundishwa na baba yake." Nikamweleza Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri wakati taarab ya Unguja ilihesabiwa ya wanaume. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Hiyo ni ya kwenu, mwanangu." Nikanyamaza.

Julai 2024, alipofariki Toumani Diabaté, bingwa wa kora wa Mali, kule Bamako, mzee alikaa na redio mpaka usiku wa manane. Akasema, "Tunakwisha." Nilitamani kumwambia kwamba yuko mmoja nyuma ya jiko. Sikuthubutu.

Sasa, Shangazi, mzee ametangaza kwamba baada ya Ramadhani hii atamkabidhi mjukuu wake wa kiume kora ile mbele ya wazee wa ukoo. Na mvulana amenijia usiku, ananiambia, "Mama, mimi siitaki. Nataka kusomea umeme." Ameniapisha nisimwambie mtu. Mume wangu wiki nzima yuko mahoteli ya Kololi akiwapigia watalii. Habari za binti anazijua, na anapokuwa nyumbani usiku humrekebisha vidole. Nikimwomba azungumze, jibu ni lilelile: "Mbele ya baba sina mdomo." Nami nakumbuka maneno ya mzee kuhusu Sona, kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha, naona kumbe mlango uko mikononi mwa mume wangu, naye anaogopa kuusukuma.

Nifanyeje? Nimwendee mzee mwenyewe, mimi mkaza mwana, mgeni, nisiye na damu ya ujali, nimweleze yote mawili na siri ya mwanangu nimeivunja? Nimbane mume wangu aseme kabla ya Ramadhani, hata ikibidi tugombane? Au niache sherehe ipite, kora iende kwa asiyeitaka, halafu nimtafutie binti mwalimu mbali na hapa, jambo ambalo mzee atalihesabu ni kumwaibisha mbele ya ukoo mzima? Mama mkwe ananipenda, labda nianzie kwake, ila yeye anamtaka mtoto kwenye kuimba.

Hasa naomba waliolelewa kwenye nyumba za wazee wenye msimamo wanijibu. Na mnanionaje mimi: namtetea mtoto, au nawalazimisha watu wa watu mambo ya kwetu? Swali hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mke wa jali,
Brikama